Picha Nyeupe na Kiti Kilichogeuzwa

Mkutano wangu wa mwisho kazini ulifanyika kwa video. Lavender wa kitengo cha mafunzo, binti mwerevu kuliko sisi wote tukipangwa foleni, alikuwa anatuonyesha picha kwenye skrini yake. Alituuliza, "Mnaona skrini yangu?" Mmoja wetu akasema ndiyo, na tangu hapo Lavender hakutuona tena. Nyuso zetu zilimezwa na picha zake. Akaeleza, akafafanua, akatupia hata mzaha mmoja mzuri sana ambao haukuchekwa na mtu, maana wa kucheka tulikuwa tumezima sauti. Alipomaliza na nyuso zikarudi, alimkuta Odhiambo wa stoo anatafuna mahindi ya kuchoma, mhasibu amelala wima kama askari wa benki, na kiti changu hakina mtu. Nilikuwa nje nafukuza mbuzi kwenye sukuma wiki.

Siku ya chai ya kuniaga, Lavender alinivuta kando. "Mzee, siku ile nilikuwa naongea na ukuta," alisema. "Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Nilicheka mpaka chai ikapita njia isiyo yake. Sikuwa namcheka yeye. Swali hilo nililiuliza mwenyewe kule Oyugis miaka ya tisini, kabla hajazaliwa, na jibu nilipewa na wanawake wawili: mmoja muuguzi, mwingine muuza maharagwe aliyekuwa haoni. Pale kwenye chai nilimjibu kwa ufupi, kwa kuwa keki ilikuwa inaisha. Hapa nalijibu kwa urefu, kwake na kwa nyinyi wengine mliobaki kazini. Habari za vyeo nilivyopanda na mshahara nilioupokea mkaulize ofisini. Hazitawachelewesha.

Niliingia kwenye mradi wa macho nikitokea kiwanda cha pamba Homa Bay. Mchana nilibeba marobota, jioni nilisoma. Shule yetu ya jioni ilitumia darasa la watoto wadogo, na madawati yake yalikuwa mafupi hivi kwamba magoti yangu yalifika masikioni. Nilisikia somo kupitia magoti. Taa ya karabai ilikuwa moja. Waliowahi walikaa karibu nayo wakaisoma jiografia, sisi wa nyuma tuliikisia. Hata hivyo cheti nilikipata, na mama yangu alikitundika ukutani juu ya picha ya harusi yake, jambo ambalo baba hakulisahau.

Mkuu wa timu alikuwa Sista Boke, muuguzi wa macho, Mkuria wa Kegonga. Alikuwa mfupi, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelelewa akiita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Ofisi yetu ilikuwa Suna, chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, na usaili wangu ulikwenda hivi:

"Huko kiwandani ulikuwa unabeba nini?"

"Marobota ya pamba, Sista."

"Ulishawahi kuangusha?"

"Mara moja moja."

"Hii ukiangusha mara moja, hiyo moja inatosha." Akanisukumia sanduku la chuma.

Ndani mlikuwa na projekta ya slaidi. Nyinyi mmezoea kubonyeza kitu kwenye kompyuta picha ikatokea Nairobi na Mombasa kwa wakati mmoja, kwa hiyo niwaeleze. Slaidi ilikuwa kipande cha filamu, kidogo kama kiberiti, kilichobanwa kwenye fremu ya kadibodi. Unazipanga kwenye trei ndefu yenye nafasi nyembamba, slaidi moja kwa kila nafasi. Ukibonyeza kitufe chenye waya mrefu, mashine inasema *klak*, slaidi inaingia mbele ya balbu, na picha inatokea ukutani ikiwa kubwa kama ng'ombe wawili waliosimama bega kwa bega.

Balbu ile ilikuwa na heshima zake. Haiguswi kwa vidole, kwa maana mafuta ya ngozi yakiipata, ikipata joto inapasuka. Sista alinipa leso yake mwenyewe ya kuishikia. Kwenye barabara za murram niliipakata projekta kama mtoto mchanga, na nilipozoea nikawa naipigapiga mgongo gari likiruka shimo. Jenereta tuliiweka mbali, nyuma ya vyoo, na bado ilisikika Tanzania. Pazia la picha lilikuwa shuka la hospitali lenye muhuri pembeni. Watu wengi walianza kwa kuusoma muhuri. Na kwa kuwa tulifanya kazi mchana, tuliziba madirisha kwa blanketi za kuazima. Kumrudishia kila mtu blanketi yake, pamoja na kusikiliza kesi za aliyedai kwamba yake ilikuja ikiwa mpya, kulichukua muda mrefu kuliko mkutano.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwashawishi watu wenye mtoto wa jicho wakubali kupasuliwa. Daktari wa upasuaji alikuja hospitali ya Homa Bay kwa wiki moja, akaondoka, akaonekana tena mwaka unaofuata. Aliyemkosa alikaa gizani mwaka mzima mwingine. Na hakuna aliyepokelewa peke yake: lazima mtu wa nyumbani amsindikize na akubali kwa kidole au kwa sahihi.

Sasa tazameni akili yetu. Tuliwaita watu wasioona, waje watazame picha. Hakuna ofisini aliyelishangaa jambo hilo, hata mimi mwenye cheti.

Mkutano wangu wa kwanza peke yangu ulikuwa Oyugis, kwenye ukumbi wa kanisa. Sista alibaki nje kivulini akipima macho, dereva akakaa na jenereta. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakashiriki magoti. Nikaziba madirisha, nikawasha mashine, nikalikabili shuka nikiwa na ufito mkononi, nami nawaambia, siku hiyo niliongea. Nilieleza kwa Dholuo kilichonyooka kiasi kwamba hata maaskofu wangeandika. Nikaonyesha jicho lenye ukungu mweupe. Nikaonyesha hospitali. Nikaonyesha upasuaji wenyewe: kope zimepanuliwa kwa waya, jicho wazi, kisu kinakaribia, vyote kwa ukubwa wa wale ng'ombe wawili. Hapo nilikaa sana, maana picha ilikuwa na mambo mengi ya kuonyeshwa kwa ufito.

Nikamaliza. Nikauliza kama kuna swali. Kimya. Nikajua nimewagusa mpaka maneno yamewaisha. Nikaenda nikashusha blanketi ya dirisha la kwanza.

Mabenchi yalikuwa matupu. Watu wa Oyugis ni wastaarabu: walivua viatu, wakatoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma ili wasinikatize. Alikuwa amebaki mama mmoja tu, benchi la tatu, kibeti mapajani, uso ameuelekeza kwenye nguzo.

"Wamekwenda?" akauliza.

"Naona wamekwenda, mama."

"Kitambo sana. Nilikuwa nasikia mabenchi yanapumua moja moja."

"Na wewe umebaki?"

"Kuna mtu alikuwa anaongea. Nikasema si vizuri kumwacha peke yake." Akageuzia mlango sikio. "Walikuwa wanakimbia nini?"

"Picha ya jicho, mama. Linapasuliwa."

"Aa. Hiyo sijaiona."

Huyo ndiye Mama Rispa. Katika ukumbi mzima, mtu pekee aliyeweza kuvumilia picha zetu ni yule ambaye hakuziona.

Nilimpeleka kwa Sista. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, kazi ambayo daktari angeifanya akipiga mluzi. Mama Rispa alikuwa anauza maharagwe kwenye soko la Oyugis, mahali pazuri kabisa karibu na lango. Alikuwa bado anapima kwa vidole bila kukosea, lakini mawe yaliyojificha kwenye maharagwe hakuyaona tena, na wateja walianza kurudi wakiwa wameshika shavu. Majirani zake wakawa wanasukuma magunia yao upande wake kila asubuhi, kidogo kidogo. Wasimamizi wa soko walikuwa wamemwambia wazi kwamba mwaka mpya ukimkuta hivyo, nafasi itapewa mwingine.

"Wanataka nikae nyumbani nilinde kuku," alimwambia Sista. "Kuku mwenyewe simwoni."

Hapo akatokea mwanawe, Tobias, fundi wa baiskeli, pampu mkononi. Alikuwa miongoni mwa waliotoka wa kwanza. Kwa kuwa Sista hakuwa mtu wa Dholuo, tuliongea Kiswahili.

"Sista, mama haendi," alisema. "Mnatoa jicho, mnaosha kwa beseni, mnarudisha. Nimeona mwenyewe kwa picha."

"Umeona beseni?"

"Beseni lazima iko tu chini. Na sasa jicho ikiwa huko nje, kuku ipite?"

"Hospitali kuna kuku gani?"

"Hospitali ya Homa Bay nimeona kuku."

Sista aliiacha hoja ya kuku, kwa sababu kweli walikuwepo. Akaeleza tena, polepole, lakini Tobias alikuwa ameshamshika mama yake mkono. Mlangoni yule mama akageuka kwangu, au karibu na kwangu.

"Bwana Picha, mrudi kabla daktari hajakuja. Lakini safari ingine uangalie watu. Leo ulikuwa unahutubia shuka. Nilisikia sauti inaenda ukutani kwanza, ndio inarudi kwetu."

Tulipopita Rongo Sista akasema, "Hata asiyeona amekuona." Mpaka Suna hakuongeza lingine, na halikuhitajika.

Kugeuka si kazi, mtasema. Jaribuni. Ukumbi ni giza, na ukiwageukia watu mwanga wa projekta unakupiga usoni. Unaona jua dogo na nyuma yake maduara ya kijani. Nilijaribu kuwamulika kwa tochi. Wote wakainua mikono kama wanaibiwa. Nikamwomba dereva anifungulie kioo cha pembeni cha gari, nikakisimamisha mezani ili niwaone walio nyuma yangu nikiwa naelekea kwenye shuka. Nikaona lile jua dogo tena, safari hii kwa kinyume, na dereva aliendesha kutoka mkutano ule wa Kehancha bila kioo, akitoa kichwa nje kila akitaka kupinda, huku akinitukana mimi na ukoo wangu.

Dawa tuliipata Kegonga, nyumbani kwa Sista, na tuliipata kwa sababu ya unyevu. Fremu moja ya kadibodi ilikuwa imevimba, haiingii, nikaitoa na nafasi yake kwenye trei ikabaki tupu. Mkutano ulikuwa kwenye darasa, Sista anatafsiri kwa Kikuria. Tulikuwa tumetoka tu kwenye picha ya kisu. Nikabonyeza. *Klak*. Hakuna slaidi, hakuna cha kuzuia mwanga, shuka lote likawa jeupe peee, na mwanga ule ukarudi darasani ukiwa laini, kama wa alfajiri.

Nikakimbilia kitufe.

"Usiguse," Sista akasema. "Nyamaza. Angalia."

Nikaangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hiyo niliona ninaoongea nao. Mzee mmoja alikuwa amevuta kofia mpaka kidevuni. Wasichana wawili walikuwa wamejaza leso mdomoni wasicheke. Mama mmoja wa nyuma alikuwa amesharusha mguu mmoja kuvuka benchi, mwanga ukamkuta hapo hapo katikati ya safari, mguu mmoja nyumbani na mmoja mkutanoni.

Sista akamwita kwa jina la mumewe, akamwuliza kitu. Yule mama akaurudisha mguu, akakaa, akasema maneno machache. Sista akanigeukia.

"Anauliza, ile ya kisu ni jicho ya mtu ama ya ng'ombe?"

Swali zuri kabisa. Hatukuwa tumesema. Picha ilikuwa kubwa kama ng'ombe, watu ni wafugaji, na sisi tulidhani inajieleza. Baada ya swali hilo yakaja mengine mengi, na pale Kegonga hakutoka mtu kabla ya wakati. Kutoka baada ya wakati ndiko kulikuwa kugumu, maana walipika.

Tangu siku hiyo slaidi iliyovimba haikurudi. Tukaziacha nafasi tupu kwa makusudi, tukaziita picha nyeupe. Sheria zake alizitunga Sista. Picha ngumu ifuatwe na nyeupe. Nyeupe ikiingia, funga mdomo, anayeongea haoni. Anza kuangalia benchi la nyuma, kwa kuwa la mbele limejaa waoga wanaotabasamu. Na ukiona uso unauliza, ujibu uso huo, halafu ndipo urudi kwenye picha zako. Picha ya kisu nayo akaihamisha. Ilikuwa inakuja kabla ya picha ya mzee mmoja aliyepona, anayecheka. Sasa mzee akatangulia, watu wakajua mwisho wa safari kabla ya kuonyeshwa shimo la barabarani.

Tukarudi Oyugis. Daktari alikuwa anaingia Homa Bay wiki iliyofuata, na baada ya hapo ni mwaka mwingine, na soko halikuwa na mpango wa kumngoja Mama Rispa. Alikuja akiwa ameshika tandiko la baiskeli ya Tobias, mwana anasukuma, mama anafuata. Tobias alichagua benchi la mwisho, karibu na mlango wa nyuma, akakaa upande wa mlango. Niliielewa hesabu yake.

Nikaanza. Safari hii nilisimama pembeni ya shuka nikiwaelekea watu. Mzee anayecheka akapita, nyeupe ikapita, ukumbi wote upo. Nikaleta picha ya kisu. Nikaeleza mara moja bila ufito, nikasema wazi kwamba jicho ni la mtu, wala halitoki mahali pake. Nikabonyeza. *Klak*. Nyeupe.

Nikaanza benchi la nyuma, kama nilivyofundishwa. Tobias alikuwa amefumba macho kwa nguvu zote, mashavu yamepanda. Na kwa mkono wake wa kulia, mkono mpana mweusi kwa grisi ya cheni, alikuwa amemfunika mama yake macho asione.

Ukumbi ukageuka kufuata nilikotazama. Mwanga ule haukuwa wangu peke yangu.

"Tobias," muuza samaki mmoja akasema, "unamfunika asione nini?"

Watu wakacheka mpaka blanketi moja ikaanguka. Tobias akafumbua macho, akautoa mkono haraka, na alama ya vidole ikabaki kwenye paji la uso la mama yake. Yeye hakucheka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, picha inayofuata ilikuwa nzuri, ingetuokoa sote na aibu. Sikubonyeza. Nikaiacha nyeupe, nikashuka kati ya mabenchi mpaka kwake, Sista akanifuata.

"Omera, ndugu yangu, kuku tuliwafukuza," nilimwambia. "Sema kile kingine."

Akautazama mkono wake. Alipoongea aliongea na Sista.

"Saa hii mama anaona mwanga. Asubuhi ikifika anajua. Mimi nikisimama kwa mlango anajua kuna mtu amesimama. Sasa mkiharibu, hata hiyo kidogo inaenda. Na hiyo kidole kwa karatasi ni yangu."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu wengi pale walikuwa wamekaa na mtu wa aina ya Mama Rispa ubavuni.

"Inaweza kuharibika," Sista alisema. "Si mara nyingi, lakini inaweza, na mimi sitakudanganya. Ndiyo maana daktari hagusi yote mawili. Anaanza na moja, lile baya zaidi. Lile lingine linabaki na mwanga wake, vile liko leo."

"Moja tu?"

"Moja tu."

"Na mbona hamkusema?"

Sista alifikiri. "Kwa sababu sisi tunajua. Mtu akijua kitu sana anasahau kukisema. Na wewe siku ile uliuliza juu ya kuku."

"Nilikuwa naogopa kuuliza hiyo ingine."

"Mimi bado niko hapa," Mama Rispa akasema, "ama hiyo macho mnaongea ni ya jirani?" Akalipapasa paji la uso, akanusa vidole vyake. "Tobias. Umenipaka grisi mbele ya kanisa nzima. Sasa itabidi unipeleke, unioshe njiani."

Akampeleka. Siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimeleta wagonjwa wengine, ingawa nikiwa mkweli ningekuja hata kwa miguu. Tobias hakuweza kukaa. Tangu asubuhi alikuwa anajaza upepo kwenye kila baiskeli iliyoegeshwa hospitali nzima, na alipomaliza baiskeli alikwenda kuzungukia gari la daktari.

Muuguzi akafungua bandeji, akasafisha, akamvalisha miwani ya siku zile, mizito kama matako ya chupa ya soda. Mama Rispa alikaa, kichwa kikigeuka taratibu kama anayetafuta stesheni kwenye redio. Kikamfikia mwanawe.

"Umezeeka," alimwambia.

Tobias akatoka nje kwenda kuangalia matairi.

Kisha akanitazama mimi, kutoka viatu mpaka juu. "Huyu ndiye Bwana Picha? Na sauti yote ile? Nilidhani ni mtu mrefu."

Sokoni alirudi kabla ya mwaka mpya, akaketi mahali pake karibu na lango. Magunia ya majirani yalirudi kwao yenyewe. Nasikia alikuwa anaona mawe yake na ya majirani pia, na alikuwa anayataja kwa sauti wateja wakipita.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa yenu ya kuandika kwenye ripoti. Lakini mwaka uliofuata, daktari akiwa karibu kurudi, tulikuwa na mkutano Suna, na Sista alimwalika Mama Rispa aje kutoa ushuhuda. Nikamwekea kiti mbele kabisa, karibu na shuka, mgeni wa heshima. Alipofika alikishika kile kiti, akakigeuza, akakaa akilipa shuka mgongo.

Nikainama. "Mama, picha ziko upande huu."

"Picha zako nimezisikia mara mbili. Nimekuja kuona watu."

Nikaanza mkutano. Tulikuwa hatujafika hata kwenye picha ngumu nikasikia sauti ya chini pembeni yangu: "Yule wa kitambaa cha buluu anataka kutoka. Weka ile nyeupe." Nikaweka. Kweli, alikuwa amekunja mkeka wake tayari. Nikaongea naye, akakaa. Baadaye kidogo: "Mzee wa pale kwa nguzo hasikii, wewe unaongea haraka kama mnada." Nikapunguza. Aliniendesha hivyo mkutano mzima, na wakati wa ushuhuda ulipofika alisimama, akasema, "Mimi ni ushuhuda. Mnaniona, nawaona," akakaa. Kwa hotuba hiyo gari lilijaa wagonjwa.

Toka siku hiyo, kila tulipokwenda, Kegonga au Oyugis au vichochoro vya Homa Bay, tulipanga projekta, tukapanga shuka, tukapanga na kiti kimoja kilichogeuzwa. Aliyekikalia hakuwa na kazi ya kutazama picha. Kazi yake ilikuwa nyuso. Projekta zilikuja nyingine na nyingine, balbu zikaacha kupasuka, shuka likawa ukuta na ukuta ukawa kompyuta, na njiani mahali fulani, kwenye kufungashafungasha, kile kiti tulikisahau.

Hayo ndiyo niliyomjibu Lavender juu ya keki. Ukimaliza jambo gumu, toa picha zako kwenye skrini, nyuso zirudi. Funga mdomo, anza na wa nyuma. Na mpe mtu mmoja kile kiti cha Mama Rispa. Alinishukuru, akaniongezea chai, na mimi kama wazee wote wanaoagwa nikadhani ameshasahau kabla hajafika getini.

Juzi simu yangu ililia nikiwa kwenye sukuma wiki.

"Mzee, nina mkutano sasa hivi. Nimekutumia namna ya kuingia."

"Mimi nimestaafu, binti."

"Najua. Picha zangu usiangalie. Wewe kaa kiti cha Mama Rispa."

Nikanawa mikono, nikaingia, nikazisogeza picha zake pembeni, nikabaki na nyuso. Mhasibu alikuwa macho. Wengine siwajui, watoto watupu. Lavender alifika kwenye jedwali moja baya, lenye safu nyingi kama shamba la miwa, nikamwandikia ujumbe: *Odhiambo wa stoo ana swali, lakini mdomo umejaa mahindi.*

Picha zikatoweka. Nyuso zote zikarudi, ukiwemo wake, na alikuwa anacheka.

"Odhiambo," akasema, "meza kwanza. Tunakungoja."